Piano Yenye Jino la Mwiko

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza tena hapa duniani. Sisemi hivyo kwa kujisifu, ingawa hata nikijisifu nina haki yangu. Mtu aliyefungua marobota ya mitumba Gikomba miaka zaidi ya thelathini ameshaona yote. Nimekuta meno ya bandia kwenye mfuko wa koti. Nimekuta barua ya mapenzi imeshonewa ndani ya pindo la sketi, na siku moja nikakuta mguu wa mbao umevalishwa soksi na kiatu, umepigwa pasi pamoja na suruali. Nimeona soko likiungua usiku na mimi nikafagia majivu asubuhi nikatandika bidhaa palepale. Shule niliachia darasa la sita. Leo wenye digrii huja dukani kwangu na barua za kuomba kazi, nami huzisoma polepole, makusudi, wao wakiwa wamesimama.

Kwa hiyo nikiwaambia kwamba mwezi uliopita, saa tano asubuhi, nilisimama kati ya maseremala kule chini kando ya mto nikashindwa kufunga mdomo, nyinyi wa rika langu mnaonijua mtaelewa kwamba halikuwa jambo dogo.

Nilikuwa nimeenda kutafuta mbao za rafu za duka langu la tatu. Kabla macho hayajaona kitu, pua iliniita. Ndani ya harufu ya gundi na vumbi la mbao, na ule mto unaonuka vile unavyonuka siku zote, kulikuwa na harufu nyingine nyembamba, ya zamani: vidonge vya nafthalini vimechanganyika na udi. Nikasimama. Nilikuwa nimenusa harufu hiyo nyumba moja tu katika maisha yangu yote, nikiwa na miaka minane.

Nikageuka. Fundi mmoja alikuwa amelaza sanduku kubwa jeusi juu ya mawe na ameshauweka msumeno ubavuni mwake. Nikamuuliza anatengeneza nini.

"Jeneza, mzee wangu," akasema. "Kuna familia imefiwa, wanataka mbao ya kizamani. Hii ukiipiga msasa itang'aa mpaka marehemu ajione."

Nikamsogeza kando, nikainua kifuniko. Meno ya piano yalikuwa yamegeuka manjano kama ya mvuta sigara. Nikayafuata kwa kidole, moja moja, hadi la mwisho kabisa upande wa kulia. Hilo halikuwa jeupe wala jeusi. Lilikuwa la kahawia, mbao tupu, na ukiliangalia kwa makini unaona limechongwa kutoka kwa mwiko wa kusongea ugali.

Nikamwambia fundi ashushe msumeno. Akataka kujua kwa nini. Sikuwa na jibu fupi, na refu ndilo hili.

Tulikaa Makongeni, kwenye nyumba za reli, ingawa kwetu hakuna aliyefanya kazi reli. Mama alikuwa amekodishiwa chumba kimoja na mjane wa kondakta, akiuza sukuma wiki na makaa pale penye mfereji wa maji wa mtaa. Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa Mzee Wechuli, seremala wa karakana ya mabehewa, mtu wa kutoka magharibi, mrefu, mnyamavu, mwenye sauti moja tu na hiyo sauti haikurudia neno. Mpira ukiingia kwake mara ya kwanza anakuonya. Ukiingia mara ya pili, anaukata katikati kwa msumeno, nusu kwa nusu, anakurudishia zote mbili. Nilikuwa na nusu sita chini ya kitanda. Kwetu watoto, akisema jambo litakuwa, lilikuwa limeshakuwa. Ilibaki kungoja tu, kama unavyongoja king'ora cha karakana cha saa moja.

Mkewe alikuwa akitunza shamba nyumbani kwao. Hapa mjini alikaa na binti yake, Filomena, tuliyemwita Anti Filo. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, mpiga chapa katika ofisi moja mjini, na vidole vyake havikutulia kamwe. Akisubiri ndoo ijae mferejini, vilikuwa vinacheza juu ya ukingo wa sementi. Akinunua sukuma kwa mama, vinacheza juu ya mizani. Masista wa shule ya bweni walikuwa wamemfundisha kinanda cha kanisa, na mjini alikuwa amegundua kitu kingine. Saa ya chakula cha mchana wenzake walipokwenda kula, yeye alikwenda kwenye hoteli moja kubwa ambako mzee fulani alipiga piano na kuimba wakati wa jioni. Mzee huyo alimwacha akalie kiti chake wahudumu wakipanga sahani. Huko ndiko alikojifunza jazi. Si ile jazi ya magitaa tuliyoijua sisi, ya kucheza umeshika kiuno cha mtu. Hii ilikuwa ya piano na sauti ya mtu mmoja.

Sasa yule mpiga piano alikuwa anastaafu. Meneja wa hoteli alikubali kumsikiliza Anti Filo Jumatatu fulani. Akipendwa, kiti ni chake. Asipopendwa, arudi kwenye mashine yake ya chapa na asionekane pale tena hata saa ya chakula. Alihitaji piano ya kufanyia mazoezi nyumbani siku hizo zilizobaki. Alikuwa ameipata: familia moja ya Wahindi wa Ngara walikuwa wanahama nchi na kuuza kila kitu. Kilichobaki ni ruhusa ya baba.

Siku alipoomba ruhusa nilikuwa chini ya dirisha lao nikila mua. Nilisikia kila kitu. Anti Filo alisema kwa muda mrefu, kwa sauti ya chini, na mwisho Mzee Wechuli akajibu mara moja.

"Filomena. Muziki wa baa utapigwa ndani ya nyumba hii siku mimi nitakuwa maiti. Umenisikia? Maiti."

"Nimesikia, Baba."

Nilitema mua. Mtu mzima angesikia hapo baba mkali tu, basi. Mimi nilisikia ratiba.

Wiki hiyohiyo Mzee Wechuli alichukua likizo akapanda treni kwenda kuvuna mahindi. Na Jumamosi iliyofuata, alasiri, nikiwa nimekaa juu ya ukuta wa mfereji, mkokoteni ukaingia mtaani.

Wanaume wanne walikuwa wakiusukuma, taratibu, mguu baada ya mguu, hakuna anayepiga kelele kama kawaida ya wenye mikokoteni. Juu yake kulikuwa na sanduku refu limefunikwa blanketi la kijivu na kufungwa kwa kamba ya katani. Nyuma yake, peke yake, alitembea Anti Filo. Alivaa gauni jeusi, viatu vyeusi, na alikuwa na kitambaa cheupe usoni. Baadaye sana nilikuja kujua kwamba gauni lilikuwa la kwenda nalo hotelini, alilivaa ili mabwana wa Ngara wasimpunje, na kitambaa kilikuwa cha jasho. Siku hiyo nilijua mambo mawili tu. Mzee Wechuli alisema atakuwa maiti. Na Mzee Wechuli harudii neno.

Niliteremka ukutani nikavua kofia, kama nilivyoona wanaume wakifanya. Walibeba sanduku kuliingiza ndani, mmoja akisema pole pole, pole pole. Harufu ile ya nafthalini na udi ikanipita. Nilijua basi kwamba ndiyo harufu ya kifo. Anti Filo aliinua macho akaniona nimesimama na kofia mkononi. Akanitazama kidogo. Kisha akageuka akaingia, akafunga mlango.

Nikakimbia.

Mama alikuwa anakata sukuma. Nikamwambia Mzee Wechuli amefariki na wamemleta kwa mkokoteni, na Anti Filo amevaa nyeusi. Mama akaweka kisu chini. Hakuniuliza umeona wapi wala umesikia kwa nani. Akafunga leso kiunoni, akachukua sufuria yake kubwa na mwiko wake mrefu, akaenda kugonga mlango kwa mlango.

Hapa lazima niwaeleze vijana wenu, kwa sababu siku hizi watu hutangaziana kifo kwa simu na kuchanga kwa simu na kumaliza. Wakati ule mfiwa hakuulizwa. Ilikuwa ni aibu kubwa kumuuliza mtu "ni nani, ni lini, ilikuwaje," kana kwamba unamtoza. Ulifika na kuni zako, na sukari yako, ukakaa nje. Akiweza atatoka, akiwa tayari atasema. Asipoweza, nyinyi mnaimba. Kwa hiyo hakuna hata mtu mmoja katika Makongeni nzima aliyegonga mlango wa Anti Filo kumuuliza kitu.

Haikupita saa moja uwanja ulijaa. Viti vya kanisa vilifika vichwani mwa vijana. Mama alipanga mawe matatu karibu na mlango wa Mzee Wechuli, moto ukawaka, maji ya ugali yakapanda. Kwaya ya akina mama ilikuja na sare zao juu ya nguo za nyumbani. Hata Baba Oti, aliyegombana na Mzee Wechuli miaka mitatu kwa ajili ya kuku mmoja, alikuja akakaa kwenye kigoda akalia hadi mabega yakatetemeka, akisema sasa atagombana na nani. Na mimi nilikuwa katikati ya yote. Wazee wazima walinishika bega wakiniuliza taratibu niliona nini, nami nikawaeleza, na kila mara sanduku likawa refu kidogo na Anti Filo akawa amelia zaidi. Hapo ndipo nilipojua kwamba Mungu alinipa mdomo. Nilipokwenda kusukuma mkokoteni Gikomba nikiwa na miaka kumi na minne, sikuwa na woga, kwa sababu mtu ambaye ameshakusanya mtaa mzima kwa neno moja hawezi kukosa wateja wa suruali.

Kwaya ikaanza wimbo wa msiba. Ubeti wa kwanza ukaisha. Kwenye wa pili, kutoka nyuma ya mlango uliofungwa, kinanda kikaingia. Kiliingia kwa adabu, chini ya sauti zao, kikiwashika kama mtu anavyomshika mama mzee kiwiko akivuka barabara. Akina mama wakatazamana. Mmoja akasema kanisa lao limeleta kinanda, Mungu awabariki, wakaimba kwa nguvu zaidi.

Wimbo ukaisha. Kinanda hakikuisha.

Mkono wa kushoto uliendelea kutembea, dum, dum, dum, kama mtu wa zamu ya asubuhi anayekwenda karakana bila haraka. Mkono wa kulia ukaanza utundu. Ulichukua wimbo uleule wa msiba, ukaukatakata, ukaurusha juu, ukauacha uanguke halafu ukaudaka ukiwa karibu kugusa chini. Kisha ikaja sauti. Haikuwa ya kwaya. Ilikuwa na mchanga kidogo ndani yake, ikifika kwenye neno inachelewa kulisema, nawe unajikuta umeshika pumzi ukilingoja. Nilimtazama mama. Alikuwa anasonga ugali, uso wake bado wa matanga, lakini kiuno kilikuwa kimeshaondoka naye. Mwanakwaya mmoja alianza kupiga makofi, akaacha, akaona wenzake wanapiga, akaendelea. Mtu akasukuma mlango ukafunguka, na tukamwona Anti Filo kwa mgongo, gauni lake jeusi, akipiga kitu kikubwa cheusi chenye meno. Mimi peke yangu niliogopa. Nilidhani anapiga meno ya baba yake.

Hapo ndipo Mzee Wechuli alipoingia uwanjani.

Alikuwa na nusu gunia la mahindi begani na jogoo kwapani. Likizo yake ilikuwa imeisha, au hakuipenda, sijui. Alisimama. Aliona moto, viti, kwaya, na Baba Oti na macho mekundu. Wa kwanza kumwona alikuwa mama, kwa sababu alikuwa ameelekea njia. Mama yangu hajawahi kupiga kelele maishani mwake na hata siku hiyo hakupiga. Alirusha nyuma alichokuwa nacho mkononi. Ule mwiko, na ugali wake wa moto, ulipaa juu ya kichwa changu, ukaingia mlangoni, ukatua mwisho wa piano upande wa kulia. Tukasikia kitu kikikatika. Muziki ukanyamaza.

Mzee Wechuli akatua gunia.

"Nani amefariki?"

Watu wazima wote wale wakamgeukia mama. Mwishowe mama, bila mwiko, mikono inaning'inia, akasema:

"Ni wewe, Baba Filo."

Mzee Wechuli akaketi kwenye kiti cha kanisa kilichokuwa karibu. Jogoo akamponyoka akaenda zake. Alitazama rundo la kuni, pakiti za sukari, sufuria. Kisha akamtazama Baba Oti kwa muda mrefu.

"Na huyu alikuwa akilia?"

Wakamwambia huyo alilia kuliko wote. Baba Oti akafuta pua akasema kuku alikuwa wake, hilo halijabadilika.

Anti Filo alikuwa ametoka hadi mlangoni, ugali begani. Hakupiga magoti wala hakuomba radhi. Nilimwona mikono yake imeshikana, na kwa mara ya kwanza vidole vilikuwa vimetulia.

"Baba, ulisema siku utakapokuwa maiti. Watu wamekulia. Ugali wako wa matanga ndio huo. Mimi sijavunja neno lako."

Nyote mnajua kilichokuwa mizanini. Akisema hapana, piano inarudi kwenye mkokoteni, na Jumatatu ni Jumatatu tu ya kwenda kupiga chapa. Mzee Wechuli alikuna kidevu.

"Walisema nini juu yangu?" akauliza.

Wakamweleza, mmoja mmoja, kwa aibu mwanzoni. Kwamba alikuwa mkali lakini hakuna mlango katika safu yetu ambao hakuutengeneza bure. Kwamba mwaka wa mvua kubwa alibeba mtoto wa watu mgongoni hadi zahanati, akarudi hakumwambia mtu. Kwamba mshahara wa mtu aliyevunjika mguu karakana aliuleta yeye kwa mkono wake mwezi baada ya mwezi, haukupungua hata senti. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Nafikiri alikuwa ameishi miaka yote ile akiamini wanamwogopa tu. Walipomaliza alivua kofia, akaiweka gotini, akasema bila kumtazama mtu:

"Basi endeleeni. Maiti hana neno."

Mtaa ule ulilipuka. Jogoo alikamatwa akapikwa na matanga yakaliwa hadi mwisho, na marehemu alikula mapaja yote mawili.

Jumapili baada ya kanisa nilimkuta Mzee Wechuli amekaa mlangoni na ule mwiko wa mama. Jino la mwisho la piano lilikuwa limevunjika, sehemu yote ya mbele, na duka la kununua jingine hakulijua wala hakutaka kulijua. Aliuosha mwiko, akaukata, akauchonga kwa kisu, akaupiga msasa, akaupima, akaupiga tena. Aliniambia mbao ya mwiko imeshiba mvuke na mafuta, haipasuki ovyo. Alipolipachika, alilibonyeza kwa kidole chake kinene. Ting. Akalibonyeza tena. Hakusema amekubali. Aliingia ndani akalala, na siku nzima Anti Filo alipiga akiwa nyuma ya ukuta wetu, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Jumatatu alivaa lile gauni, limeoshwa ugali, akaenda. Jioni alirudi anatembea katikati ya barabara kama gari la zimamoto, na kabla hajafika mferejini tulijua.

Alikalia kiti kile miaka. Watu walikuwa wanafika hotelini hawaulizi chakula ni nini, wanauliza kama ni siku ya Filomena. Tulianza kumsikia redioni, mama akizima jiko ili asikie. Halafu zikaja meli kubwa za watalii, akazunguka nazo dunia akiimba, na miji ambayo majina yake mimi siwezi kuyatamka ilimpigia makofi imesimama. Mzee Wechuli hakuwahi kusema anaipenda jazi. Lakini kila mwisho wa mwezi alivaa koti lake la reli, akaenda hotelini, akakaa meza ya mbele na chai moja. Mgeni akimuuliza yeye ni nani, alisema kwa heshima:

"Mimi ndiye marehemu baba yake."

Alipofariki kweli, Anti Filo akiwa baharini, watu wa Makongeni walichelewa siku nzima kufika. Kila mmoja alitaka kwanza kuhakikisha. Na katika zile siku za kuhamisha vitu, binamu mmoja mwenye haraka akaiuza piano. Anti Filo aliporudi aliitafuta hadi Mombasa. Nilimsaidia kuitafuta, wakati huo nikiwa tayari na mkokoteni wangu mwenyewe na kamba zangu. Hatukuipata. Sasa, mwaka wa arobaini na kitu tangu ule mkokoteni uingie mtaani, naitia mkononi chini ya msumeno.

Fundi alitazama viatu vyangu kabla ya kutaja bei. Sikubishana. Mimi, ambaye Gikomba nzima inajua sinunui hata njugu bila kubishana.

Anti Filo siku hizi anakaa Kariobangi, ghorofa ya pili, juu ya warsha ya kuchomelea mageti, anafundisha watoto kwa kinanda kidogo cha umeme. Nilileta lori langu, si la kukodisha, na wanaume wanane. Nilitafuta blanketi la kijivu makusudi. Tulipopandisha ngazi taratibu, mguu baada ya mguu, mwenye duka la chini alizima redio, na mafundi wa mageti wakazima mashine zao. Mama mmoja alishika kifua akaniuliza ni nani. Nikamwambia ni Mzee Wechuli, lakini asihuzunike, huyo amezoea.

Anti Filo alifungua mlango. Nywele zake ni nyeupe zote. Harufu ilimfikia kabla ya kitu chenyewe; niliona pua yake ikiijua. Tuliiingiza, nikatoa blanketi. Alikwenda moja kwa moja mwisho wa kulia akaweka kidole juu ya lile jino la kahawia. Lilikuwa limepata ufa, kwa miaka au kwa ngazi zetu, na lilikuwa karibu kukatika. Lakini lilipobonyezwa lilisema, ting, na yeye akasema, "Baba."

Kisha akaketi. Sauti za piano zilikuwa zimelegea zote, lakini mkono wa kushoto ukaondoka vilevile, yule mtu wa zamu ya asubuhi bila haraka. Akaimba. Sauti yake imeongeza mchanga na bado inachelewa kwenye neno nawe bado unashika pumzi. Watu wakajaa ngazi hadi chini, wachomeleaji na miwani yao ya moto kwenye paji la uso. Walipopiga makofi, jengo lile lilitikisika, na wabebaji wangu wanane, watu wa Gikomba ambao hawalii, walikuwa wanatazama dari.

Nilingoja watu wapungue. Kisha nikamweleza nilichobeba kifuani tangu nikiwa na miaka minane, na ambacho, niseme kweli, nimejivunia kwenye kila meza niliyowahi kukaa: kwamba mimi ndiye niliyemuua baba yake. Kwamba bila mdomo wangu asingepata ile hoteli. Nilikuwa nasubiri ashangae.

Alicheka hadi akashika piano.

"Njuguna," akasema, "mimi nilikuona umevua kofia. Nikajua umefikiria nini. Ningekuita, ungerudi."

"Kwa nini hukuniita?"

"Hoteli ilikuwa Jumatatu."

Nikakaa chini kwenye lile blanketi. Alijifungia ndani saa nzima, akisikia kuni zikitua na Baba Oti akilia, akijua desturi yetu kwamba hakuna atakayemuuliza, na akingoja kwaya ifike. Msichana wa miaka ishirini na miwili. Na mimi nilidhani ni mdomo wangu. Akanipiga bega, akasema lakini nilikimbia vizuri, wengine wangetembea. Hilo nimelichukua, na nitalisema kwenye kila meza vilevile.

Fundi wa piano alikuja kutoka mjini na sanduku lake, akakaa siku nne. Akataka kuweka jino jipya la plastiki mahali pa lile lenye ufa, alisema linaharibu sura. Anti Filo akamtazama vile Mzee Wechuli alivyokuwa akitazama mpira, na akanituma sokoni. Pale Kariobangi nilipata mwiko mzuri, mzito, mama yangu mwenyewe angeukubali. Mwenye kibanda alitaka sabini, tukabishana, nikatoa hamsini. Siku hiyo nilikuwa nimerudi kuwa mimi. Ukijumlisha hiyo hamsini na bei ya yule fundi wa majeneza, na wabebaji, na mafuta ya lori, na nyuzi mpya, na siku nne za fundi wa mjini na chai yake, kumrudisha Filomena Wechuli kwenye piano yake kumenigharimu shilingi laki mbili, elfu kumi na nne, mia sita na hamsini.